Sikuozwa Niwe Dawa

Baba Hamid, mume wangu,

Moyo wangu umechoka, daktari hakunificha. Kabla sijakufuata nataka ujue nilichofanya Jumamosi, kwa sababu mwanao hasemi nami, na ndugu zako wa Woolwich, hapa hapa London, wananiita mvunja nyumba.

Unaikumbuka ile filamu ya Kitamil aliyotuwekea jirani yetu Mama Kamala hapa Queensbury, ya zamani, isiyo na rangi? Kijana amerukwa na akili, wazee wake wanamwoza wakitumaini atapona, na bibi harusi haambiwi kitu. Mke anavumilia, analia, anaimba, mpaka mume anapona. Mama Kamala alijifuta machozi kwa ncha ya sari. Wewe ulikuwa unacheka. "Mwendawazimu gani huyu," ulisema, "nywele hazimtimki hata siku moja?" Na mume alipopona ukaniinamia sikioni: "Wameikata mapema. Wangetuonyesha na wiki ya pili."

Mimi sikucheka. Wiki ya pili niliijua. Hina ilikuwa bado miguuni uliponiambia redio inakutaja kwa jina, ukanivuta tukajificha jikoni, wewe ukitetemeka kuliko mimi. Asubuhi mama yako alinipa chai akasema, "Vumilia, mwanangu. Tulijua ukija wewe atatulia."

Walijua. Mtaa mzima ulijua. Baba yangu alimtuma mjomba kuulizia habari zako, kama ilivyo ada kabla ya kujibu posa, na kila mlango aliobisha aliambiwa, "Kijana mtulivu." Wakaiita sitara. Mimi nauita uongo. Na kila ulipozidiwa, mimi ndiye niliyetazamwa, kama dawa iliyochacha.

Kilichokupa nafuu ni sindano za kliniki huku London, na ushupavu wako wa kwenda kuchomwa hata siku za barafu, ukinung'unika kwamba nesi ana mkono wa seremala. Nilikupenda. Hilo ni jambo jingine, wasilichanganye.

Sasa Nassor, mjukuu wetu aliyechukua macho yako, ameanza kusikia sauti. Ametoka hospitali majuzi tu. Hamid, badala ya kumwacha mwanawe apumzike, amemposea msichana Pemba, mwalimu wa skuli, jina lake Zuhura. Kwao wakasema watamuulizia kijana kwa bibi yake. Hamid akanijia na simu mkononi.

"Mama, please, sema tu ni mtulivu. Akioa atapoa. Baba si alipoa?"

"Baba yako alipoa kwa sindano," nilimwambia. "Mimi nilikuwa nafua mashuka."

Simu ilipoita niliomba nizungumze na Zuhura mwenyewe. Nikamtajia maradhi, nikamtajia dawa, nikamwambia pia kwamba ni kijana mwema. Hamid alitoka akaubamiza mlango. Nilitazamia binti alie, au anishukuru. Badala yake akasema, "Na yeye, Bibi, ameulizwa kama anataka kuoa?"

Nassor alikuwa chumba cha pili. Nilimwita nikamuuliza. Alinijibu kwa Kiingereza chake, taratibu, kwamba hakuna aliyemuuliza, na kwamba hataki. Anachotaka kwa sasa ni kulala usiku mmoja bila kuitwa.

Posa imevunjika na sijuti. Lakini hasira yangu, niliyoilea tangu ujana, imebadili njia. Nilidhani aliyetendwa ni mimi peke yangu. Kumbe wewe, na vurugu lile kichwani, walikuvika joho wakakuketisha mbele ya shekhe, na kila mtu akasubiri useme nimekubali. Tumelala kitanda kimoja mpaka ukafa, na sikuwahi kukuuliza kama ulitaka.

Nitakapofika, nijibu hilo kwanza. Salamu zitafuata.

Mke uliyeletewa,
Mama Hamid