Punje za Madam Fardosa

Jumatatu, 3 Machi 2025 — Kitale

Leo nimeona maajabu! Miaka kumi na tisa nikiwa technician wa lab hii ya chuo, nimebeba madebe ya kromiamu mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Leo Madam Fardosa amekuja na punje za rangi ya chungwa, ndogo kama mbegu za wimbi. Kichocheo, anaziita. Hazina kromiamu wala madini mengine yenye sumu. Unazitia kwenye dawa, unapuliza hewa, dawa inaoksidika — na punje zinabaki zile zile! Unachuja kwa kitambaa, unaosha, unaanika, unarudisha kazini. Dawa ilipobadilika, lab yote ikanukia keki. Na yeye amefunga, maskini! Nikamcheka. Akasema nimwache, Mungu anamwona.

Jumatano, 5 Machi

Mara ya tatu. Bado kali! Kazi yangu ni kuchuja, kukausha, kupima. Madam anasema zikifika mara kumi bila kuchoka, atawaonyesha walimu wa kemia kule Bungoma, halafu auombe uongozi wa chuo waache kromiamu. Waache, jamani. Mikono yangu inaomba.

Ijumaa, 7 Machi

Mara ya tano. Mizani: gramu 4.8. Tulianza na 5. Zingine zimeng'ang'ania kitambaa. Nikachota kidogo kwa chupa ya punje mpya, zikawa 5, nikamwambia tano. Mazoea tu. Mama aliuza mahindi sokoni kule Kwanza, na gorogoro ya kupimia haikutoka kwake bila kuongezewa kiganja. Kumpa mtu pungufu ni aibu.

Jumatano, 12 Machi

Mara ya kumi! Madam amepiga makofi kama msichana wa shule. Akaandika: hazikupungua hata punje moja. Akasema hajawahi kuona mkono makini kama wangu.

Hapo nikashtuka. Kumbe alikuwa anapima huko kupungua! Na mimi kila mara namjazia zifike 5. Ya saba ilikuwa 4.9. Ya leo 4.7. Mjinga mimi! Nikataka kusema, akanikatiza, ati leo nafuturu kwao. Sambusa tamu; nikarudi nyumbani nikaviandika vipimo vya kweli humu.

Ijumaa, 14 Machi — Bungoma

Nimekaa kiti cha nyuma ukumbini. Madam anaongea — we! Hata walimu waliotoka Myanga wameacha simu. Asubuhi nilimfuata mara mbili nimwambie, mara mbili nikaishia kubeba masanduku yake. Punje zinafanya kazi, hiyo ni kweli ya Mungu. Lakini kupungua zinapungua.

Sasa mwalimu mmoja, Kibiwott, amesimama. Anauliza inawezekanaje zisipungue, si hata ugali huacha ukoko kwa sufuria?

Madam hajababaika. Anasema aulizwe aliyepima. Baba Vivian — ndiyo mimi — hebu njoo mbele uwaambie.

Wote wamegeuka. Anatabasamu. Ananiamini, huyu mama, ananiamini kabisa! Vipimo vya kweli viko humu tu, hakuna mahali pengine. Naenda na hili daftari, niwasomee.