Jioni Uliyokaa Mezani

Afande,

Najua ukiona ukurasa umejaa hivi utasema yule Kenya, jina ulilonipa, amefungua redio yake ya maneno tena. Vumilia kidogo. Kiacholi chako sikuwahi kukijua zaidi ya salamu, Kiganda changu ni cha kununulia nyanya, na Kiingereza ulikuwa unasema ni cha wageni wa mezani. Kiswahili ndicho ulichonifundishia kazi, ukikikatakata upendavyo, nami nikijifanya mwalimu wa kukusahihisha. Kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili.

Habari za huku Ggaba ni hivi. Boti imepakwa rangi upya. Madamu ameweka taa za rangi juu ya paa la boti yake, wageni wanazipenda na wadudu wa ziwani wanazipenda zaidi, mpaka Nalongo anapika huku amefunika kila sufuria kama anaficha mtu ndani. Bado tunaondoka saa kumi na moja na nusu, tunapita Munyonyo, tunazunguka, tunarudi saa mbili. Bado ni samaki, kuku, matoke na chapati. Nahodha ni mpya, kijana wa Jinja, mpole, anapenda muziki. Mimi nimerudi kubeba sahani.

Sasa umeshakunja uso. Nitafika huko. Niache niende polepole kwa sababu naona aibu, na mtu mwenye aibu huanza na habari za rangi na taa.

Unakumbuka ulivyonitoa kwenye sahani? Nilikuwa mhudumu wa mwaka wa pili, mtu wa Kakamega aliyekuja Kampala kwa dada yake wiki mbili akasahau kurudi. Wewe ulikuwa umestaafu polisi, kikosi cha majini, lakini shati bado ulilipiga pasi kama kuna gwaride. Kila nikipita na trei nilichungulia chumba chako cha usukani. Siku moja ukasema bila kugeuka, "Kenya, wewe naangalia hii usukani kama mtu nataka kununua ng'ombe. Weka sahani. Kuja."

Nikaja. Asubuhi ambazo hakuna wageni ulinivua viatu, ukanisimamisha peku kwenye mbao ili nisikie injini kwa nyayo. Ulinizuia kugusa chochote kwa wiki tatu. Nilikuchukia kidogo, nikwambie ukweli. Halafu ukanipa usukani ukakaa nyuma yangu kimya, na kimya chako kilikuwa kibaya kuliko kelele za Madamu. Jambo moja tu ulilirudia kila siku: "Alama kamata ya mlima. Kitu ya maji natembea." Nishike matangi ya Muyenga juu kilimani, nishike mnara, nishike jengo. Mafunjo nisiyaamini hata yakiwa mengi kama shamba, kwa sababu upepo huyang'oa kipande kizima, na ndege wake na vichaka vyake, ukakipeleka unakotaka. Nilikuwa najibu, ndiyo Afande. Nilijibu hivyo kila siku.

Sasa ile jioni.

Wazo la kukukalisha mezani lilikuwa langu, siyo lako. Miaka minne ulikuwa umewapeleka watu kula ziwani na hujawahi kukaa kwenye meza hata moja. Ulikula umesimama, sahani juu ya kifuniko cha injini. Na Mama Zaituni, mke wako, aliyekaa na wewe kambi hadi kambi na baadaye Kibuli, hakuwahi kuipanda boti hiyo. Siku hiyo kikundi cha sherehe ya kuzaliwa kilikuwa kimekodi boti kikaja na wapishi na wahudumu wake, lakini meza moja ya nyuma ikabaki tupu. Nikakung'ang'ania tangu asubuhi. Nikampigia simu Mama Zaituni mwenyewe ili usipate njia ya kukataa. Nikakwambia ni nusu saa tu, maji yametulia, mimi ninashika. Ulijua Madamu amekataza mwanafunzi kushika usukani wageni wakiwa ndani. Ulijua vizuri kuliko mimi. Lakini Mama Zaituni alikuwa tayari amefika gatini amevaa gomesi, lile gauni la heshima la kina mama wa hapa, na mtandio mpya, nawe ukamtazama, ukanikabidhi.

Hamkujua kukaa, nyinyi wawili. Yeye aliuweka mkoba magotini akaushika kwa mikono yote miwili, kama amekuja ofisini kufuatilia cheti. Wewe kila mhudumu alipokuja ulikuwa unasimama. Nilikuwa nageuka kuwaona na ninacheka peke yangu. Mara ya mwisho nilipogeuka ulikuwa unamwonyesha taa za Muyenga zinavyowaka moja moja, na yeye anakutolea mifupa ya samaki.

Halafu kuna hili, ambalo hata wewe hukulijua. Wewe ulidhani nilikosea alama tu, na kweli nilikosea. Kulikuwa na kichaka cha mafunjo upande wa kushoto chenye mti mmoja mkavu na yangeyange juu yake, nilikiona pale pale siku mbili mfululizo, nikakifanya alama yangu kwa sababu kilikuwa karibu na kizuri kuliko matangi yako. Lakini nilipokaribia nisingekosa kuona kwamba kimehama, kama ningekuwa natazama mbele. Nilikuwa natazama simu. Msichana mmoja wa ile sherehe alikuja mlangoni akasema hajawahi kuona mwanamke anaendesha boti, anaomba picha. Nikasimama vizuri. Nikatabasamu. Akasema moja tena, nikatabasamu tena. Nilitaka sana kupigwa picha hiyo, Afande. Nilitaka Mama Zaituni anione ninavyopigwa.

Boti iliingia kwenye mafunjo bila hata kishindo kikubwa, ilikuwa kama kukalia godoro. Kisha injini ikalia ule mlio wa kitu kinachokabwa na ikazimika. Keki ikateleza, glasi zikafuata, mtu akaanza kupiga mayowe kwamba tunazama, ingawa tulikuwa tumekwama kama msumari. Mimi mikono yangu iliganda kwenye usukani.

Ulifika kabla sijavuta pumzi ya pili. Ulikuwa bado na kitambaa cha mezani kifuani. Ukanitoa kwa bega, siyo kwa ukali, ukasimama mahali pangu na kusema maneno ambayo nayasikia kila nikiosha uso: "Toka. Beba sahani. Wewe hukuwa hapa."

Nikatoka. Nikabeba sahani.

Wavuvi wakaja na mitumbwi wakawachukua wageni, viatu vya sherehe mkononi. Propela ilikuwa imejaa mizizi na shafti imepinda. Madamu alikuwa anasubiri gatini na wewe ukamwambia ni wewe uliyeshika, macho yameanza kuzeeka, giza likiingia huoni vizuri. Nilikuwa nyuma yako na beseni la vyombo. Nilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kukuvuta mkono. Mama Zaituni naye alikuwa hapo kando, mkoba wake mikononi. Madamu akakupa likizo ambayo sote tulijua siyo likizo.

Miezi miwili baadaye nikapewa usukani. Madamu alisema afadhali mtu aliyefundishwa na wewe ulipokuwa bado unaona. Nikashukuru. Nilimshukuru kwa mdomo huu.

Ulipougua, Nalongo alikuwa anakuja kila mara na habari. "Trufena, Afande anarara hospitali, anakuuriza. Kwa nini huendi?" Nikamwambia nitaenda. Na nilienda, Afande, nakuapia. Mara tatu nilipanda boda mpaka hospitali ya Kibuli na mfuko wa matunda. Mara zote tatu nilifika getini, nikasimama na watu wanaosubiri saa ya kuona wagonjwa, geti likafunguliwa, wao wakaingia na mimi nikarudi. Mara ya mwisho nilimpa yule wa boda matunda yote. Alidhani mgonjwa wangu amefariki, akanipa pole.

Wiki iliyofuata ulifariki kweli.

Mchana ule wa kukusindikiza, kabla gari halijaanza safari ya kukupeleka kwenu Kitgum, ua wenu pale Kibuli ulijaa. Wenzako wa polisi, majirani, sheikh wa upande wa Mama Zaituni na katekista wa upande wako wakipokezana kwa heshima. Madamu alizungumza akasema ulikuwa mwaminifu mpaka macho yalipokuangusha. Halafu mtu akasema yule Mkenya azungumze, anakijua Kiswahili kizuri. Nikasimama. Na kweli kilikuwa kizuri. Watu walilia. Nikasema ulinifundisha kila kitu, nikasema hata siku ile macho yalipokusaliti hukumlaumu mtu. Nililitunga hilo papo hapo, Afande, hakuna aliyenilazimisha. Nilipokaa nikainua macho, na Mama Zaituni alikuwa ananitazama kutoka kwenye mkeka wake. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho mjinga yeyote angekumbuka mapema: boti ilipoingia kwenye mafunjo, wewe ulikuwa mbele yake unakula. Mtu mmoja katika ua ule alijua kila neno langu ni uongo, na alikuwa mjane wako. Baadaye akanitumia chakula kwa binti yake. Nilikila kwa sababu sikujua nifanye nini.

Ungedhani baada ya hapo nilikwenda kusema. Sikwenda. Nilikaa na usukani wako miezi mitano.

Kilichonishinda ni kitu kidogo. Wafanyakazi wa boti walikuwa wameanza mzaha. Mtu akijikwaa kwenye kiti, akimwaga mchuzi, wanasema ni macho ya Afande. Mwezi uliopita alikuja mhudumu mgeni kabisa, hakuwahi kukuona hata mara moja. Akaangusha glasi, akainua mikono akasema, "Samahani, macho ya Afande." Wote wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilijisikia nikicheka, Afande. Kisha nikaenda nyuma, nikatapika pembeni ya boti kama mgeni asiyezoea maji.

Kesho yake, tulipokuwa tunapakia viti, nikawaomba wasimame. Madamu alikuwepo, Nalongo alikuwepo, na yule mhudumu. Nikasema yote: usukani ulikuwa wangu, kichaka kilikuwa changu, macho yako yalikuwa mazima na yalikuwa mezani kwa mkeo. Picha pia nilisema. Madamu aliuliza kwa nini nimesubiri mpaka sasa, nikamwambia niliogopa, na baadaye nikapenda kazi. Akanyoosha mkono, nikampa funguo. Akasema nikitaka kubaki, kuna sahani. Nalongo hakunisemesha siku tatu, na kwake yeye hiyo ni adhabu kubwa. Mzaha ule haujasikika tena.

Nikabakiwa na mlango mmoja. Jumapili nikapanda Kibuli kwa miguu ili nisipate boda ya kunirudisha haraka. Mama Zaituni alikuwa barazani anachambua mchele. Nikapiga magoti mbele yake kama wanavyofanya hapa, nikaanza hotuba yangu, na nusu ya hotuba akanikatiza, mikono yake bado kwenye ungo. Akasema yeye anajua, alikuwa hapo anakutolea mifupa ya samaki, nije na habari mpya. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya kukusindikiza. Akasema ulimkataza.

Kisha akaweka ungo chini, akanieleza habari za wodini. Kwamba palikuwa na kiti kimoja tu kando ya kitanda chako, na kila saa kumi, watu wakianza kuingia, ulikuwa unamwondoa hapo, mkeo mwenyewe, akakae kitandani miguuni pako. Ndugu akitaka kuweka mkoba juu ya kile kiti ulikuwa unamwambia, "Toa. Kenya nakuja kukaa." Siku zote zile. Mpaka saa ya wageni inakwisha na kengele inapigwa, ndipo unamruhusu akirudie.

Nikalia, nikasema nilikuwa naogopa kukuambia. Mama Zaituni akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto asiyeelewa hesabu rahisi. "Trufena," akasema, "yeye hakutaka wewe sema kitu. Alitaka wewe kuja tu."

Afande, nilifikiri deni langu kwako ni ukweli. Nimeubeba mwaka mzima, nikaulipa kwa Madamu mbele ya watu, nikajiona jasiri. Na kumbe ulichokuwa unataka ni nikae nusu saa kwenye kiti, nikuchoshe na redio yangu. Nilikuwa getini. Mara tatu nilikuwa getini, na kiti kilikuwa kitupu.

Sina namna ya kulirekebisha hilo, na sitajidanganya kwamba barua inalirekebisha. Nakuaga sasa ipasavyo, kwa sababu siku ile nilikuaga kwa uongo. Lala salama, mwalimu wangu. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Mwezi ujao Mama Zaituni anapanda basi la Kitgum kwenda kulijengea kaburi lako. Nimeomba ruhusa, nimekata tiketi ya kiti cha pembeni yake. Nitakaa hapo kwako tangu asubuhi mpaka watakaponiambia tuondoke, na sitakuwa na hotuba.

Nakuja, Afande.

Trufena