Kufunga Hadi Saa Nane

3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini umeamka salama na miguu imepoa. Mimi mzima, ila kazi za benki na maandalizi ya harusi vinanikimbiza.

Mama, usinielewe vibaya. Wakwe zangu ni watu wa picha. Kila kitu kwao ni picha. Siku hizi watu wanapunguza mwili kwa kufunga: unaanza kula saa nane mchana, saa mbili usiku umemaliza. Mimi mkanda umeingia matundu mawili. Na wewe una sukari, kwa hiyo itakufaa. Ni kwa ajili ya afya yako tu.

Mwanao wa kwanza

19 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu. Mkwe wangu mtarajiwa hajambo?

Nimeanza. Asubuhi nameza vidonge vyangu vya sukari kwa maji matupu, naenda saluni, nasuka mpaka saa nane. Shoga yangu tunayesuka naye anatafuna mkate mbele yangu makusudi. "Una ugomvi gani na tumbo lako?" ananiuliza.

Juzi kipimo cha sukari kilisoma tatu nukta nne. Mimi niliyezoea kumi na mbili! Ila mikono inatetemeka, na jasho linanitoka hata feni ikiwaka. Nadhani ndiyo mafuta yanayeyuka. Zipu ya gauni la harusi yako bado haifiki juu, lakini inakaribia.

Mamako

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Hongera! Tatu! Wewe jembe kweli. Kaza hivyo hivyo. Nina haraka, mambo mengine nitakuandikia.

Mwanao

28 Machi

Mama,

Shikamoo. Kwema huko? Simu hupokei. Nimempigia shoga yako wa saluni, akasema, "Muulize mamako," akakata. Kuna nini?

Mwanao

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeona niandike tu. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu.

Nilikuwa namsuka bibi harusi wa watu, saluni imejaa. Sauti zao zikawa kama zinatoka mbali, vidole havinitii. Mama yake akasema, "Dada, huo mstari umepinda." Mwanangu, nilimtukana, matusi ambayo hujapata kuyasikia kinywani mwangu. Mtu akasema, "Huyu amelewa." Mimi! Nikataka kumjibu, ulimi ukawa mzito, nikaanguka.

Nilipozinduka, shoga yangu alikuwa amenipakata, ananipaka asali ndani ya shavu. Nilikuwa nimejikojolea. Wateja wamesimama wananitazama. Kipimo kilisoma mbili nukta moja.

Daktari akaniambia, "Kufunga peke yake si kosa. Lakini umemeza dawa ya kushusha sukari, halafu hukula. Ulitaka ishuke mpaka wapi? Kwa nini hukuja kuuliza kwanza?" Ningemwambia nini, kwamba mwanangu ananionea haya?

Maana niliielewa barua yako tangu siku ya kwanza. Afya uliitaja mwisho, baada ya picha.

Dawa amenipunguzia, na asubuhi sasa nakula. Ila saluni sijarudi. Mtaa ule naukwepa.

Mamako

15 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Sithubutu hata kuuliza hali yako. Barua yako niliisoma nikiwa kaunta, nikaacha foleni ya watu, nikaenda chooni kulia. Ni kweli, nilikuonea haya. Ulipoandika habari za jasho na kutetemeka, mimi niliona ile tatu tu.

Nimemsomea mchumba wangu barua yako. Nikamwambia na niliyokuandikia mimi. Akaniuliza, "Na mimi nikinenepa?" Nikabadili mazungumzo. Hajanisemesha tangu juzi.

Jumamosi nakuja. Tutakwenda wote saluni, nitangulie mimi kuingia, niwaambie haikuwa pombe.

Mwanao asiye na uso

18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi naendelea vizuri.

Saluni nilikwenda jana, peke yangu. Wawili walicheka. Nikavaa aproni yangu. Yule mama wa bibi harusi nimemfuata kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani. Sina kinyongo naye.

Kwa hiyo huku huna la kuwaambia watu. Kuna binti amekuuliza swali huko, anasubiri. Hiyo Jumamosi nenda kwake. Ukishamjibu, njoo, na yeye au peke yako. Chakula kitakuwepo, na nitakula nawe.

Mamako