Upande wa Ndani wa Kofia

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa.

Baba mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia. Goti la Mama linasemaje? Mwambie asiende shambani kuvuna maharagwe na wale vijana kama anavyopenda, akae awapigie kelele akiwa kwenye kiti. Mimi ni mzima wa mwili. Huku mahindi yamekauka, trekta zinapita mchana kutwa na magunia, na vumbi limeingia mpaka kwenye vitabu vya wanafunzi. Tunafunga shule wiki ijayo.

Najua utashangaa kuletewa karatasi na Noah wa boda wakati simu ipo. Ni wewe uliyenifundisha, nilipokuwa bwenini, kwamba jambo zito huandikwa ili anayelipokea apate kuketi kwanza. Basi keti, Baba. Tena nakujua. Kwa simu ungenisamehe kabla sijamaliza kusema, nami ningeupokea msamaha huo haraka, kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi akanyamaza.

Nianze na habari unazozijua nusu. Kijana Hamid, yule muuza vipuri vya baiskeli wa Bungoma aliyekuja hapo nyumbani akanywa chai yenu, alikwambia kwamba kuna watu wa Kitale na Bungoma wanaopenda hadithi za sayansi na mambo yajayo, na kwamba wanakualika Bungoma Jumamosi ya wiki ijayo. Hayo ni kweli. Chama chenyewe kinaitwa Chama cha Kesho. Huku Kitale tunakutana ghorofani, juu ya duka la ushonaji la Khairunisa, karibu na msikiti. Mwenyekiti ni Kibiwott, fundi wa umeme, mtu mpole anayeuliza swali moja mara tatu. Tunasomeana hadithi tulizotunga: za mashine zenye wivu, za watu waliohamia sayari nyingine wakabeba mbegu za mrenda. Kuna mmoja aliandika juu ya mahindi yanayokataa kupandwa na mtu asiyemlipa kibarua wake. Tulimpigia makofi mpaka wenye duka la chini wakagonga dari.

Umeona nilivyoandika "tunakutana". Uliponipigia simu kuniuliza kama nawajua watu hao wa hadithi, kama ni watu wa heshima, nilikujibu kwamba nawasikia tu. Baba, mimi ni katibu wao. Ratiba ya siku hiyo ya Bungoma nimeiandika mimi, na jina lako nimelipiga chapa kwa vidole hivi.

Siku yenyewe itakuwa kubwa. Tumepata ukumbi karibu na stesheni ya reli. Asubuhi watoto wa shule wataonyesha roketi walizotengeneza kwa makopo. Kisha kutakuwa na mjadala ambao umeshawagombanisha watu kabla haujafika: kama mashine yenye akili italelewa katika boma la Wabukusu hadi ikue, je, itahesabiwa katika rika gani, na nani atasimama kuwa mjomba wake? Hamid anasema mashine haina mjomba. Wenzake wa Bungoma wamemjibu kwamba hata yeye, mwana wa wafanyabiashara waliokuja na reli, hakuwa na mjomba mpaka walipompa mmoja. Halafu kuna maandamano ya mavazi, ambapo kila mtu huvaa kama mhusika wa hadithi iliyosomwa mwaka huo. Na mwisho kabisa, Kiti cha Shahidi.

Kiti hicho ndicho unachoitiwa. Ni desturi yetu tangu mwanzo. Katika kila mkutano mkubwa tunamkalisha mbele mtu ambaye si mtunzi, naye anasimulia jambo moja la kweli aliloliona na asiloweza kulieleza. Hakatizwi wala hachekwi. Anayecheka anaosha vikombe vya wote. Kando yake kuna kiti cha pili, cha mdhamini: mwanachama anayemjua shahidi, ambaye husimama kwanza na kusema kwa kinywa chake kwamba huyu mtu namjua, nami najua ni wa namna gani. Hatuapi. Nilipoisikia desturi hiyo mara ya kwanza nilikukumbuka wewe na kanisa letu la Marafiki, mnavyosema ndiyo ya mtu iwe ndiyo na ikatosha.

Mama aliniambia juzi kwamba umepeleka koti kupigwa pasi, na kwamba ulisimama kanisani ukawaambia umeitwa Bungoma kusema ulichoona. Alikuwa akicheka kwa furaha. Alisema hajakuona ukitembea hivyo siku nyingi.

Ile habari ya taa nimeisikia tangu nizaliwe, kwa sababu ilitokea nilipozaliwa. Kwamba ulikuwa unatoka hospitali ya Lugulu alfajiri, kwa baiskeli, ukiwapelekea watu wa Misikhu habari kwamba ni msichana. Kwamba juu ya mashamba ya miwa palisimama mwanga, bila sauti, wa rangi ya maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Kwamba ulilaza baiskeli chini. Kwamba mwanga huo uliondoka polepole kuelekea Mlima Elgon, ukawa mdogo, ukaisha. Hujawahi kuongeza neno. Watu walikushika kila upande wakitaka useme ni malaika, au ni ndege ya wazungu, nawe ukawajibu kila mara vilevile: "Sijui kilikuwa nini. Nilivua kofia tu."

Wakakuita Baba Taa. Wewe ulicheka nao. Lakini mimi nilikuwa shuleni, Baba, na stima ilipopotea wenzangu walinigeukia: "We Taa, si uwake basi tuone ubao." Nilisoma fizikia kwa hasira. Nilitaka nifike mahali ambapo mwanga una kipimo na hakuna mtu anayevua kofia kwa kitu asichokijua. Siku ya mahafali yangu nilikuomba usije na kofia ile. Nilisema ni kwa sababu ya jua, ati utavaa ile mpya ikukinge vizuri. Ulivaa mpya. Ilikubana kichwa siku nzima na hukuitoa.

Sasa nafika panaponichoma.

Muhula uliopita ilikuwa zamu yangu kusoma hadithi. Nilisoma moja kuhusu mzee fulani wa mashambani aliyeona mwanga angani. Niliandika baiskeli, miwa, maziwa ya kwanza, vyote. Lakini hadithi ilihitaji mwisho, na mwisho niliotunga ni kwamba mzee alikuwa ametoka kunywa pombe ya busaa. Alichelewa nyumbani, mkewe akiwa katika uchungu, naye akabuni taa ili asiulizwe alikokuwa. Watu walicheka sana. Nilipoketi nilihisi nimetua mzigo niliobeba tangu darasa la pili. Kwamba mzigo huo nilikuwa nimekutwika wewe, sikutaka kuona.

Hadithi ikatumwa kwa wenzetu wa Bungoma. Hamid akaipenda. Siku moja mteja kutoka Misikhu akaja kununua mnyororo wa baiskeli, Hamid akamtania akimwuliza kama huko kwao kuna mzee wa taa. Mteja akamwambia yupo, na boma lake ni lile lenye mikaratusi. Ndivyo alivyokufikia. Alikuja kwetu Kitale akiwa na furaha, akasimama mbele ya watu akasema amempata mzee wa hadithi, ni mtu halisi, anaitwa Wabwile, na amekubali kuja.

Kibiwott akauliza kama kuna mwanachama anayemjua ili awe mdhamini. Mimi huku wananiita Mwalimu Mary Ann tu. Jina lako sijawahi kulitumia. Akarudia swali mara tatu, kama kawaida yake. Mara ya tatu alinitazama mimi, kwa sababu hadithi ilikuwa yangu. Nikasema, "Namsikia tu."

Ningeishia hapo ingekuwa aibu ya kutosha. Lakini Hamid aliniuliza kama ile habari ya busaa nayo ni ya kweli. Watu wetu ni watu wa hadithi, ungedhani wao ndio wangejua kutenga kilichotungwa na kilichotokea. Kumbe wanapoipenda hadithi wanaichukua kama ushahidi. Wote walikuwa wananingojea. Nami nikacheka kidogo, nikasema, "Huyo? Huko kwao kila mtu anajua ilikuwa busaa."

Wewe, Baba. Wewe uliyeacha kwenda hata kwenye sherehe za ndugu zako kwa sababu ya chungu kile.

Tangu hapo mambo yamekwenda bila mimi. Vijana wa Bungoma wamepanga kwamba kwenye maandamano ya mavazi mmoja wao atavaa kama wewe, na mrija mrefu wa busaa mkononi, atembee akiyumba na kuisalimu taa ya ukumbi. Wanasema ni utani wa mapenzi, na kwamba wewe mwenyewe utacheka. Wengine wametunga maswali ya kukunasa ukishamaliza kusimulia. Hawana ubaya. Wanaamini kwamba mwongo ni wewe, na kwamba wanakufanyia mzaha ambao Misikhu nzima imeshakuzoeza.

Vazi hilo alipewa Khairunisa alishone. Alhamisi aliniita ili nilijaribu, kwa kuwa yule kijana yuko Bungoma na mimi nina urefu kama wake. Nikasimama kwenye kioo cha duka nikiwa nimevaa koti lako, Baba, lenye mabega yanayoshuka. Akaniuliza kofia aitengeneze vipi. Nikaanza kumweleza bila kufikiri: ya rangi ya udongo, ukingo umepinda mbele kwa kushikwashikwa, na ndani kuna kitambaa cha buluu cha sare kuukuu kilichoshonwa kwa mkono ili isilegee kichwani.

Khairunisa alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akaziweka mezani. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mary Ann, kofia huonekana nje. Ndani hujulikana na wa nyumbani."

Akanivua lile koti mwenyewe, kama anavyovuliwa mtoto, akaanza kulifumua mshono. Alisema hatalishona, wala hataruhusu lishonwe na mwingine, na kwamba yeye hatamwambia mtu yeyote kwa sababu si kinywa chake kilichosema. Akaniuliza kitu kimoja tu: hicho kitambaa cha buluu kilikuwa cha nani. Nikamwambia ni cha sketi yangu ya darasa la pili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni. Nilikukana kwao, na nikawakana wao kwako, kwa maneno yaleyale, na nikaongeza uongo ambao kwa mtu wa kanisa lako ni kama kumvua nguo barazani. Sina cha kusingizia. Sikuwa mtoto, wala hakuna aliyenishika koo. Nilitaka tu watu wenye akili wanione mwenye akili.

Jana nilikwenda kwa Kibiwott. Alikuwa juu ya ngazi akifunga nyaya za duka fulani. Nikamwambia nataka kiti cha mdhamini. Akauliza kama namjua huyo mzee. Nikasema namjua. Akauliza tena, nikasema ni baba yangu, na kwamba hajawahi kuonja pombe, na kwamba mlevi wa hadithi ile nilimtunga mimi kwa aibu yangu. Alishuka ngazi yote kabla hajauliza mara ya tatu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kumwambia yeye hakutoshi. Niliyasema mbele ya wote, basi nikayafute mbele ya wote, na kwamba vijana watasikia kutoka kwangu na si kutoka kwake. Nimekubali.

Kwa hiyo, Baba, uamuzi ni wako sasa, na uamue ukijua. Ukiona huwezi kuja katikati ya watu niliowafundisha kukucheka, usije. Mimi nitasimama vilevile kando ya kiti kitupu na kuyasema. Ukija, utanikuta mlangoni. Sitakuwa nimeshika ratiba wala kujifanya nimekuja kupokea wageni. Nitakupeleka mpaka mbele, na kabla hujafungua kinywa nitawaambia kwamba mtu huyu namjua.

Kama umeshawaeleza watu wa kanisa na sasa unaona haya kwa ajili yangu, waambie ukweli, sitalalamika. Na Mama msomee barua yote, usiruke mahali popote.

Nisalimie Mama sana, nawe umsalimie Senge, shangazi yangu, akipita hapo kutoka sokoni, na wote wanaoniulizia. Mungu awalinde na awape nguvu za kumaliza kuvuna kabla mvua ndogo haijawafikia.

Ni mimi binti yako,
Mary Ann Wabwile.

Ukija, njoo na ile kofia ya zamani.