Wanja Ulionishinda

Mdogo wangu wa pekee,

Nakusalimu kwanza, maana mama alitufundisha kusalimu kabla ya kugomba, na humu ndani nitagomba. Hujambo? Magoti yanasemaje? Nimesikia umeacha kuyachua na ile dawa kwa sababu eti inanuka. Nani anakunusa magoti, mwanamke wewe? Yachue. Msalimie mumeo, mwambie nimeambiwa bado anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Sijabadili mawazo yangu juu yake, ila nimeshamzoea, na kumzoea mtu nako ni kumpenda.

Mimi ni mzima. Jicho la kulia, lile walilolitoa mtoto wa jicho, linaona mpaka linanikera. Nimezaa watoto watano, na huyu wa sita aliyekaa jichoni ndiye peke yake aliyetoka bila kunitesa. Miaka yote hii nilidhani ukuta wa sebule yangu ni mweupe. Kumbe una rangi ya chai, na kila aliyeingia humu alikaa akanywa, akanitazama, asiniambie. Nimewagombeza wote, mmoja mmoja.

Utaushangaa mwandiko. Barua zangu zote ulizopata huwa anaandika Chiriku, yule mjukuu wangu wa saluni ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu aote meno. Hii naandika mwenyewe. Unajua shule yangu iliishia darasa la tatu, nikawekwa kwenye cherehani, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na zimesimama mbalimbali kama watu walionuniana. Usicheke. Na usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu nikikwama nitasingizia mtandao.

Sasa nigombe. Binti yako amenipigia. Kasema, Mama mkubwa, nimemwambia mama habari za picha ya ukoo mwisho wa mwezi, amekubali kuja, lakini kasema hatasimama kwenye picha, atakaa pembeni ashike mikoba ya watu. Kasema hana picha yako hata moja ya kuwaonyesha wanawe. Kwenye harusi yake mwenyewe ulijificha nyuma ya mtu mwenye kofia. Nikamuuliza ulitoa sababu gani. Akasema ulimjibu vilevile unavyojibu siku zote, kwamba mama yetu alishasema uso wako si wa kusimama nao kwenye picha, na maneno ya mama hayapingwi.

Nilikata simu bila kuaga. Niombee msamaha kwa binti yako, au niache nitamwomba mwenyewe.

Baada ya hapo nikamwita Chiriku nikamwambia anifundishe kupaka wanja. Alinyamaza. Andika tarehe mahali, Chiriku alinyamaza. Halafu akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia daktari amesharuhusu niguse jicho, miezi imepita, mengine hayamhusu. Akacheka mpaka akakaa chini, lakini kesho yake akaja na kalamu mpya ya wanja, kichongeo, pamba, na kioo cha mkononi.

Mdogo wangu, mimi nimeshona sare za shule tatu. Pindo zangu watu walikuwa wanazipima kwa rula wakitafuta kosa, wanarudi na rula yao. Nikasema mstari mmoja mfupi kama huu, juu ya kope, una nini? Nikashika kalamu kama hii ninayokuandikia sasa, nikasogea kiooni, nikafumba macho yote mawili, nikauliza kioo kimeenda wapi.

Chiriku akaniambia Bibi, moja linafumbwa, lingine linatazama. Haya. Nikafumba moja. Ngozi ya juu ya jicho langu, wewe umeiona, imekuwa kama shuka ambalo halijatandikwa. Kalamu ilipita ikaruka, ikapita ikaruka. Nikatumia akili yangu ya kifundi. Nikaishika ngozi pembeni kwa kidole, nikaivuta mpaka ikanyooka kabisa kama kitambaa mezani, nikapiga mstari. Ulikuwa mzuri, mdogo wangu. Ulikuwa umenyooka hivi. Nikamwambia Chiriku awaite na wenzake wa saluni waje wajifunze. Halafu nikaachia kidole. Mstari wote ukajikunja ukawa meno ya msumeno.

Kumbe yule mtoto alikuwa anasubiri tu. Aliniambia, taratibu, kama anavyomwambia mteja aliyelipa, kwamba amekulia chini ya meza yangu ya kukatia, na kila siku ya maisha yake amenisikia nikiwafokea wanafunzi wangu maneno yaleyale: usivute kitambaa, mshono utakaouvuta utajikunja ukiuachia. Akauliza kama uso wangu mimi haufuati sheria hiyo.

Nikamwambia achonge kalamu.

Siku ya pili nilipaka nikatoka kwenda dukani. Jicho moja lilikuwa limeshangaa, la pili limekasirika. Mwenye duka, mtu mpole, akanipa pole. Akauliza kama nimeanguka, au nimegonga mlango. Jirani yangu wa ghorofa ya juu, mwalimu mstaafu, akaniuliza kama yule daktari wa macho amesomea kweli. Nilirudi nikakaa siku nzima bila kufungua dirisha.

Siku ya tatu Chiriku akaniambia tuache habari za mstari. Kioo akakiweka mezani, chini ya kidevu changu, ili nikitazame kwa kuinamisha macho na ngozi inyooke yenyewe bila kuvutwa. Kiwiko kikakaa mezani, maana mkono unaoning'inia hutetemeka hata wa kijana. Halafu akaniambia niweke vinukta tu, kimoja kimoja, baina ya kope, kuanzia katikati kwenda nje. Nukta, nafasi, nukta, nafasi. Nisiwaze mstari. Mstari utakuja baadaye, wa kuunganisha.

Nikamtazama. Nikamwambia, mwanangu, hii ni bandi.

Kwa sababu ni bandi kabisa. Unakumbuka jinsi nilivyokufundisha ukashindwa? Unapiga kwanza mishono mirefu ya kushikiza, ya haraka, ya uzi dhaifu, ndipo cherehani ipite juu yake. Mimi nimepiga bandi kwa zaidi ya miaka hamsini. Kama huyu mtoto angeniambia neno hilo tangu siku ya kwanza, angeokoa pamba nyingi. Nilipiga bandi jicho la kushoto, nikapiga la kulia, nikaunganisha polepole. Sikuvuta. Nilipoinua uso, Chiriku alikuwa ameweka mkono mdomoni. Akasema, "Bibi, kumbe una macho."

Maneno hayo, mdogo wangu, nilishayasikia kabla. Hayakuwa juu yangu.

Sasa ngoja nimeze mate. Nilitaka kuandika hapa habari za bei ya uzi, nikajiona.

Chiriku alikwenda kushusha ile picha yetu ya ukutani, ile ya studio, mama katikati, mimi kushoto kwake, wewe kulia. Alitaka tulinganishe macho yangu ya sasa na ya ujana. Akaisogeza dirishani. Mimi sijaiona vizuri picha hiyo kwa miaka, na kwa jicho hili jipya nikaona kila kitu. Nikaona nguo tatu nilizoshona mimi, kola ya yako imekaa vizuri kuliko yangu. Nikaona macho yako, yamevimba, yamekauka kwa sabuni ya kufulia, yanatazama chini. Chiriku akasogea zaidi. Akasema Bibi, hapa kwenye pembe ya jicho lako kuna doa jeusi, hili si wanja kweli? Mbona husema hukuwahi kupaka?

Nikamwambia ni kivuli.

Si kivuli. Nakwambia wewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Asubuhi ile ya picha, wewe ulikuwa umepewa kikopo cha wanja na rafiki yako wa shule. Ulipokwenda kuoga nilikichukua. Nilikwenda nyuma ya nyumba na kile kipande cha kioo, nikajaribu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi anayejulikana mtaa mzima, na nilikuwa nimeanza kusikia watu wakisema mdogo wake ndiye mzuri. Nilijichoma jicho. Nikajaribu tena, nikaupeleka mpaka shavuni. Nikaufuta kwa mate na upindo wa gauni, nikarudisha kikopo, nikaingia ndani kimya.

Ukatoka chumbani. Ulikuwa umepaka mara moja tu, bila kioo, kwa kijiti, na umependeza mpaka nikasahau nilichotaka kusema. Mama alikuwa ameinama anafunga viatu. Akainua kichwa akakuona usoni, wewe ukapita kwenda uani kutafuta chanuo. Aliniambia mimi, "Huyu mtoto ana macho. Muache aende hivyohivyo."

Hayo ndiyo aliyosema mama. Mengine hayakuwapo.

Nilikufuata uani nikakwambia mama kasema ukanawe. Nikakwambia mama kasema hasimami kwenye picha na uso kama huo. Ulinitazama, hukubisha, ulikuwa hubishi neno la mama. Ukachukua sabuni ya kufulia. Mama alipokuona barabarani na yale macho mekundu aliniuliza kwa sauti ndogo kulikoni, na mimi nikamwambia umeona aibu ukanawa mwenyewe, tusikuulize utalia. Uongo mmoja nikaukata vipande viwili, kila mtu nikamshonea cha kwake, na vyote viwili viliwakaa vizuri. Mimi nilikuwa fundi mzuri.

Nilidhani ni wa siku moja. Utalia, utakula, utasahau. Kumbe uliubeba. Mama aliniuliza tena miaka mingi baadaye, alipokuwa haamki kitandani, kwa nini yule mtoto hapendi picha. Nilikuwa nashona karibu naye. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie swali. Hakurudia kuuliza. Amekufa anadhani una aibu, na wewe umezeeka unadhani alikuonea haya. Katikati nilikuwa nimesimama mimi, na doa jichoni, na wote tumelitundika ukutani miaka arobaini na nane.

Nimekuwa nikikugombeza maisha yako yote, mdogo wangu. Kuhusu nywele, kuhusu mume, kuhusu kuweka chumvi nyingi. Hilo la wanja ndilo nililopaswa kugombezwa mimi, na hukujua.

Naomba unisamehe. Neno hilo limenichukua karatasi mbili, hizo nyingine nimezichana. Kama utataka kukasirika, kasirika, una haki, na sitakuingilia. Kama utataka kukaa mwaka mzima bila kunijibu, nitakaa. Lakini picha usiikose. Usiniadhibu mimi kwa uso wako. Mama alitaka kusimama na macho yale, na binti yako hana hata picha moja.

Basi sikiliza, na hapa narudi kuwa dada yako mkubwa. Uje siku mbili kabla. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, nyeupe ya kweli safari hii, Chiriku ameishuhudia. Kwenye picha utakaa katikati, alipokaa mama, mimi nitasimama pembeni yako. Mikoba ya watu itawekwa chini. Haina miguu, haitakimbia. Wanja utanipaka wewe. Mimi najua kupiga bandi sasa, naweza kupaka mwenyewe, lakini nataka unipake wewe, na ukinichoma jicho sitasema kitu. Jitahidi tu lisiwe lile la kulia, lina kazi.

Chiriku anakusalimu. Haijui barua hii, nimemwambia naandika orodha ya vifungo. Nitamwambia baada ya wewe kusoma, halafu nitamwambia na binti yako. Ile picha nimeirudisha ukutani, sikuificha. Mwalimu mstaafu wa juu anakusalimu pia, ameuliza kama nawe unapaka macho kama mimi, nikamwambia wewe ndiye mwenye kujua, mimi ndiye niliyeiga.

Chua magoti. Kula vizuri. Funga koti ukija, usiku kwenye basi kuna baridi na wewe hujawahi kujifunza kufunga vifungo vyote.

Ni mimi,
dada yako.

Huo mstari chini ya neno dada nimeupiga kwa ile kalamu ya wanja, bila bandi, kwa mkono mtupu. Umepinda mwishoni. Nimeuacha.