Jicho la ndagala wa mwisho

Jumamosi, baada ya chakula cha jioni

Bado nacheka peke yangu.

Asubuhi nilikuwa na hofu, nakiri. Lenzi ya kamera niliyotaka kununua haitoki. Ikiwa mbovu, hakuna kuibadilisha, na akiba yangu ya kupiga picha za harusi mwaka mzima imezama. Kwa hiyo sikuziamini picha alizonionyesha Safari, muuzaji kutoka Uvira. Kwenye skrini ndogo kila picha inaonekana safi.

Nikampeleka ufukweni kwa Mama Nadia, anayeanika ndagala. Nikawapiga picha samaki wake wote wadogo, kisha nikaikuza picha hadi pembeni kabisa, nione kama hata ndagala wa mwisho ana jicho.

Hakuwa nalo! Upande mzima ulikuwa ukungu mtupu. Nikamwambia Safari ananiuzia kamera kipofu.

Akaitazama lenzi, akautazama mkono wangu. "Kaka, asubuhi ulikula nini?"

Maharage ya mafuta ya mawese. Alama ya kidole changu ilikuwa palepale kwenye lenzi, nyekundu. Aibu gani hii! Nikafuta, nikaomba radhi, nikapiga tena.

Mama Nadia akainama kuangalia nasi. Nikakuza pembeni: jicho, jicho, jicho.

"Iko muzuri sana," akasema, halafu akasogeza uso karibu na skrini. Nyuma ya ndagala wa mwisho kulikuwa na jicho jingine, kubwa zaidi, na mdomo uliojaa ndagala.

"Kuku ya jirani!" Akatimua mbio kwenda kumfukuza.

Mimi nikamlipa Safari, nikaivaa kamera shingoni papo hapo.