Askari wa damu ya Aganze na mikono ya koko

Siku ya ine ya juma. Mvua tangu asubuhi, udongo wa hapa Kadutu unateleza, na roho yangu pia.

Nawasalimia mwote munaosoma. Papa Aganze, bwana yangu, iko muzima, iko kazini. Neema, mutoto wangu mukubwa, iko muzima. Ni yeye alinifundisha kuandika hapa kwa simu. Koko yao, mama ya bwana yangu, amefika leo kutoka Mumosho. Na Aganze, wa miaka mitatu, njo sababu ninaandika.

Juzi dokta alitupa majibu ya damu yake. Alinifasiria polepole. Mu damu kuko askari, wanaitwa chembe B. Ndani yao kuko nyuzi, sawa fito za nyumba, lakini zenye kujibomoa na kujijenga kila wakati. Askari akigusa mikrobe, nyuzi zinamusaidia ajitandaze, aikumbatie, aivute ndani, halafu ajifunze kuipiganisha. Nyuzi za Aganze hazijijengi muzuri, ni ugonjwa ya kuzaliwa nayo.

“Maman,” dokta aliniambia, “askari anamuona adui, lakini anashindwa kumukumbatia.”

Njo maana masikio hayakauki usaha. Njo maana hata chanjo, zote alipata, mwili haukuzishika.

Dokta alisema: mutu wa kikohozi asimubebe.

Koko aliingia na kuku, na kikohozi, na mikono wazi. Nilisimama katikati.

“Maman, leo tusimubebe. Dokta amekataza.”

“Juu ya kikohozi hiki? Ni baridi ya njiani.” Akaniangalia. “Ao unaogopa nitamupa karuho?”

Karuho, ile sumu inaua polepole. Huku kwetu, kumunyima mama-mukwe mutoto ni kumuita mulozi, na majirani walikuwa mulangoni. Nilimueleza askari, nyuzi, fito. Alicheka, macho yana machozi.

“Fito mu damu? Weye, fito iko ku nyumba!”

Aganze mwenyewe akamunyooshea mikono.

Nilisogea pembeni.

Koko alimubeba, akamufunika na kitenge chake. Akigeuka kukohoa, kwa heshima, alijiziba mudomo na kitenge kilekile.

Sasa mutoto analala ku kifua chake. Mimi niko nagusa paji la uso, natoa mukono, nagusa tena. Bado iko baridi, homa haijakuja.

Maman yeyote mwenye mutoto wa ugonjwa hii, ulimuambia nini mama-mukwe wako, akaelewa bila kulia? Uniandikie mbio. Koko amesema hatarudi Mumosho mpaka Aganze apone.